Kwa nini albamu uliyoitupa inarudi kukunasa

Nilikuwa napiga pasi. Chumba cha pili mdogo wangu alikuwa amefungulia muziki, mlango ameufunga, na kilichonifikia kupitia ukutani kilikuwa besi na ngoma peke yake: vipande vifupi, vizito, vinavyozunguka palepale kama mtu anayesubiri habari na hawezi kukaa kitini. Nikamaliza shati la kwanza, la pili, na kufikia la tatu nikashtukia mkono wenye pasi unakwenda na ule mdundo. Nikaenda kumgongea.

"Nani huyo anapiga?"

Alinitazama kama anayedhani anataniwa. "Si ile CD yako, kaka. Uliyonipa ukasema ni makelele."

Ilikuwa On the Corner ya Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazi wa Marekani, ya mwaka 1972. Miaka kama tisa kabla ya siku hiyo niliisikiliza mara moja na nusu, nikaigawa bila hata kuikumbuka tena. Sasa nimesimama mlangoni, pasi inaunguza ubao nyuma yangu, naomba nirudishiwe.

Karibu kila mpenda muziki ana kisa cha namna hii, na karibu kila mmoja hukieleza kwa maneno yaleyale: "Wakati ule nilikuwa bado sijakomaa." Maelezo hayo ni mepesi mno. Kukomaa ni neno linalofunika mambo manne au matano tofauti, mengine ya fizikia, mengine ya ubongo, mengine ya majirani zako, na yakichanganywa pamoja hayaelezi chochote. Inafaa kuyatenganisha, maana baadhi yake hayahusiani na muziki hata kidogo.

Tuanze na lile ambalo watu hulisahau: huenda hukuisikia. Nasema hivyo kwa maana ya kawaida kabisa. Mara ya kwanza niliicheza CD ile kwenye kompyuta mpakato, kwa spika zake zilezile mbili ndogo zilizo chini ya kibodi. Uzi mnene wa gitaa la besi, ukiachiwa wazi, hutetema kama mara 41 kwa sekunde. Spika yenye ukubwa wa sarafu haiwezi kusukuma hewa kwa kiasi cha kutoa sauti ya chini namna hiyo. Ubongo hujaribu kusaidia: ukisikia sauti za juu zinazoambatana na noti ya besi, hubuni noti yenyewe na kukupa hisia kwamba ipo. Kwa hiyo utajua wimbo unakwenda wapi. Uzito wake, ule unaoingia kifuani, haubuniki.

Juu ya hilo, nilikuwa nimepunguza sauti ili nisisumbue watu. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson, waliofanya kazi Bell Labs, maabara ya utafiti ya kampuni ya simu nchini Marekani, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio la binadamu halisikii sauti zote kwa usawa, na kwamba sauti ikipungua, zile za chini ndizo zinazotoweka haraka zaidi. Punguza sauti nusu, na besi itakuwa imepungua zaidi ya nusu. Muziki wa sauti na gitaa moja hautaumia sana. Ila On the Corner imejengwa juu ya besi kama nyumba juu ya jamvi, na mimi nilikuwa nimeondoa jamvi kisha nikalalamika kwamba kuta zinayumba.

Ukuta ulifanya kinyume chake. Sauti za chini hupenya kwenye matofali na mbao kwa urahisi kuliko za juu. Ndiyo maana jirani akifanya sherehe unasikia dumdum usiku kucha na husikii neno hata moja la wimbo. Siku ile ya pasi nilipewa kile hasa ambacho kompyuta ilininyima, na nikanyimwa kila kitu kingine. Kumbe kila kitu kingine ndicho kilichokuwa kikinichanganya.

(Kuna tawi la jambo hili ambalo nitaligusa tu. Wakati mwingine kasoro imo ndani ya nakala yenyewe. Kuanzia miaka ya 1990 albamu nyingi zilitengenezwa zikiwa zimebanwa ili zisikike kubwa kuliko za wapinzani, hadi tofauti kati ya nong'ono na ukelele ikafa. Death Magnetic ya bendi ya roki Metallica ya 2008 ndiyo mfano maarufu: mashabiki waligundua kwamba nyimbo zilezile zilisikika safi zaidi ndani ya mchezo wa video wa Guitar Hero kuliko kwenye CD. Mtu aliyeichoka albamu ile ndani ya nusu saa huenda alichoshwa na ubanaji tu.)

Jambo la pili ni matarajio, na hapa ndipo penye hesabu kubwa. Niliichukua On the Corner kwa sababu nilikuwa nimezama kwenye Kind of Blue, ambayo Miles huyohuyo aliirekodi mwaka 1959. Anayeijua Kind of Blue anajua tarumbeta ile: wazi, pekee, yenye nafasi kubwa pembeni yake, kama mtu anayeongea taratibu katika chumba kitupu. Nilikuja kuitafuta. Na nilikuwa na njia yangu ya kusikiliza: fuata tarumbeta, wengine wote wako nyuma yake.

Jaribu njia hiyo kwenye On the Corner uone. Albamu haina mlango. Inaanza katikati, kana kwamba bendi ilikuwa ikipiga tangu jana na mtu ameamua tu kuwasha mashine. Gitaa la besi la Michael Henderson linashika kipande kifupi na kukaa nacho, kwa dakika karibu ishirini. Kuna tabla, ngoma za Kihindi, kuna sitari, ala ya nyuzi ya Kihindi, kuna midundo ya ngoma inayokatizana. Prodyuza Teo Macero ameikata tepu na kuiunga. Tarumbeta ipo, lakini imepitishwa kwenye pedali ya wah-wah, ile ya wapiga gitaa, hivyo inatoka kama mtu anayeongea huku ameziba mdomo kwa kiganja. Inapita, inapotea. Jalada la kwanza halikutaja hata majina ya wapigaji. Nikiifuata tarumbeta peke yake, nilikuwa nimebaki na albamu ya dakika hamsini na ushee yenye mtu anayenung'unika mara chache.

Sikuwa peke yangu. Wahakiki wengi wa jazi waliipokea vibaya albamu hii ilipotoka, na nadhani walifanya kosa lilelile: walikaa kwenye kiti cha 1959. Miles mwenyewe alikuwa akiwalenga vijana weusi waliokuwa wakisikiliza James Brown na Sly Stone, watu ambao kwao besi na ngoma ndiyo hadithi yenyewe na vingine ni mapambo.

Kuna kisa cha zamani zaidi kinachoonyesha nguvu ya kiti ulichokalia. Tarehe 29 Mei 1913, mjini Paris, onyesho la kwanza la The Rite of Spring, ballet (dansi ya jukwaani) yenye muziki wa mtunzi Igor Stravinsky, lilizua vurugu ukumbini hadi muziki ukawa hausikiki vizuri. Mwaka uliofuata kazi hiyohiyo ilipigwa mjini humohumo, na Stravinsky alibebwa mabegani na watu wenye furaha. Noti zilikuwa zilezile. Mara ya pili, lakini, haikuwa ballet. Uchezaji uliotungwa na Nijinsky, wenye magoti yaliyopinda na kukanyaga sakafu, haukuwepo. Ilikuwa okestra tupu. Wanahistoria wengi huona kwamba uchezaji ule ulichangia ghadhabu ya 1913 kwa kiasi kikubwa. Sikio halikuwa limekomaa ghafla ndani ya mwaka mmoja. Kilichotolewa ni kile kilichokuwa kimesimama mbele yake.

Sasa tufike kwenye ubongo, kwa sababu matarajio si neno la hisia tu. Leonard Meyer, mtaalamu wa muziki, katika kitabu chake cha 1956 kuhusu hisia na maana katika muziki, alitoa hoja ambayo utafiti umekuwa ukiirudia tangu hapo: kusikiliza muziki ni kubashiri. Kila noti inakufanya utarajie nyingine. Ikija, unatulia, ikichelewa, unakaza, ikija tofauti lakini kwa namna inayoeleweka, hapo ndipo pana utamu. Mwaka 2011 watafiti wa Montreal walipima ubongo wa watu waliokuwa wakisikiliza nyimbo ambazo huwasisimua hadi vinyweleo kusimama. Waliona dopamini, kemikali ya ubongo inayohusishwa na raha, ikitolewa mara mbili, katika sehemu mbili tofauti: moja wakati wa kilele chenyewe, na nyingine kabla yake, wakati msikilizaji anakiona kilele kinakuja.

Tafakari hilo la pili. Ili uone kilele kinakuja, lazima ujue kipo. Mara ya kwanza hujui. Wimbo unaotumia kanuni ulizozizoea utakubeba hata usipoujua, maana umewahi kusikia ndugu zake elfu moja. Unabashiri kwa kufuata ukoo. Wimbo wa ukoo usioufahamu hauna pa kukushikia. Hakuna kinachochelewa kwa sababu hukuwa ukisubiri kitu. Unachosikia ni mfululizo wa matukio, moja baada ya jingine, na neno ambalo mdomo huleta ni "makelele" au "unachosha". Ni kama lugha usiyoijua. Wenyewe hawaongei haraka kuliko wewe. Ni vile tu hujui neno moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi.

Basi dawa ni kurudia, si ndiyo? Hivyo ndivyo wengi watakavyokwambia, na wana ushahidi. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alichapisha mwaka 1968 majaribio ambayo watu walionyeshwa maneno yasiyo na maana, alama za mfano wa maandishi ya Kichina, na picha za sura, baadhi mara moja, baadhi hadi mara 25. Kadiri kitu kilivyoonekana mara nyingi, ndivyo watu walivyokipenda zaidi, bila kuelezwa lolote kukihusu. Mwenzake wa fani hiyo, Daniel Berlyne, aliongeza sharti muhimu miaka ya 1970: kupenda hupanda hadi kileleni kisha hushuka, na kilele kinategemea ugumu wa kitu chenyewe. Wimbo mwepesi hupendwa siku ya kwanza na kuchosha wiki ya tatu. Ule mzito huanza chini, ukapanda polepole. Ukiamua siku ya kwanza, umewapima wote wawili mahali ambapo mmoja yuko juu kabisa na mwingine yuko chini kabisa.

Nakubaliana na yote hayo, ila hayanielezi mimi. Sikuirudia albamu ile. Ilikaa kwa mdogo wangu miaka tisa na sikuigusa. Mazoea yalitoka wapi?

Yalitoka kwingine. Nimelifikiria jambo hili muda mrefu na naamini ndipo fundo lilipo. Katika miaka ile tisa nilisikiliza hip-hop nyingi sana, ambayo msingi wake ni kipande kifupi kilichokatwa na kuzungushwa dakika nne bila kubadilika. Nilisikiliza muziki wa dansi wa kompyuta, ambamo badiliko kubwa la dakika nzima ni sahani moja ya ngoma kuingia au kutoka. Nilijifunza, bila kufundishwa na mtu, kwamba kitu kisichobadilika ni ardhi, na kwamba ukishasimama juu yake unaanza kuona vinavyobadilika. Kupanga matarajio upya kwa kusikiliza tu ni jambo ambalo ubongo hulifanya pasipo kuomba ruhusa. Sasa, wanamuziki na wahakiki wengi wamesema kwamba On the Corner ilitangulia sehemu kubwa ya mambo hayo. Nilikuwa nimewazoea watoto wake kabla ya kumwelewa mzee. Nilipomsikia ukutani nilitambua sura ya ukoo.

Ndiyo maana siamini sana ushauri wa "jilazimishe kusikiliza mara kumi". Mara kumi za kuchukia ni mara kumi za kujizoeza kuchukia. Mara nyingi njia fupi ya kuifikia albamu iliyokushinda inapitia albamu nyingine kabisa, jirani yake iliyo rahisi zaidi.

Kuna shaka moja ambayo mtu mwaminifu hawezi kuiruka. Labda hujabadilika sikio, labda umeambukizwa. On the Corner ilipandishwa hadhi sana miaka ile: mwaka 2007 rekodi zake zilitolewa katika sanduku la CD sita, na waandishi waliokuwa wakiikwepa walianza kuiinamia. Maoni ya wengine hufanya kazi kubwa kuliko tunavyopenda kukiri. Mwaka 2006 Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walieleza jaribio lao lililohusisha watu zaidi ya 14,000 waliosikiliza nyimbo 48 za bendi zisizojulikana. Waligawanywa katika makundi ambayo kila moja lilikuwa dunia yake, na, isipokuwa kundi moja la ulinganisho, waliweza kuona wenzao wa kundi lao wamepakua nini. Nyimbo zilizoshika nafasi za juu hazikuwa zilezile kila kundi. Zile nzuri kabisa kwa nadra zilianguka chini, na mbaya kabisa kwa nadra zilipanda, lakini katikati palikuwa na bahati nasibu. Wimbo uliopata wapenzi wachache mapema uliwavuta wengine.

Kwa hiyo mtu akiniambia ameirudia albamu fulani baada ya kusoma kwamba ni kazi bora iliyodharauliwa, nampa heshima zake lakini namwekea alama ya kuuliza. Mwenyewe nilisalimika kwa bahati. Ukuta uliniziba jina. Nilikuwa nimekwisha kuupenda mdundo ule shati la tatu kabla sijajua ni wa nani, na kama ningejua, chuki ya zamani au sifa mpya, mojawapo ingeniwahi.

Shaka nyingine ni ya ujana. Nyimbo za miaka yetu ya ubaleghe na ya mwanzo wa utu uzima hubaki kwenye kumbukumbu kuliko za kabla na baada yake; hilo limeonekana katika tafiti nyingi. Basi mtu anaweza kuirudia albamu aliyoichukia akiwa na miaka kumi na minane na kuiona tamu kwa sababu inanukia chumba chake cha wakati ule. Nina kipimo changu cha kutofautisha, si cha kisayansi. Ukisikiliza na unachokiona ni wewe mwenyewe, rafiki zako, barabara mliyokuwa mkipita, basi hayo ni makumbusho, na ni halali, lakini albamu haijafanya kazi hiyo. Ungeweza kuonyeshwa picha ukafika kulekule. Ukisikiliza na unachokiona ni kengele ndogo upande wa kushoto ambayo hukuijua, au pale mpiga ngoma anapoacha pigo moja na bendi nzima inayumba nusu sekunde, basi umerudi kweli.

Baada ya kisa cha pasi nilipata kiherehere, nikazitafuta albamu nyingine tano nilizowahi kuzitupa. Nne zilikuwa mbaya kama nilivyoziacha. Moja kati ya hizo nne ilikuwa mbaya zaidi, maana sasa nilielewa walichokuwa wakijaribu kufanya. Nasema hivi kwa sababu hadithi za kugundua upya huwa zinasimuliwa na waliogundua, na msikilizaji anaweza kudhani kila kilichotupwa ni dhahabu iliyofukiwa. Ukiichukia albamu leo, uwezekano mkubwa ni kwamba una sababu. Kitu ambacho siku hizi najitahidi kufanya kabla ya kuiacha ni kubadilisha kimoja kati ya vile nilivyovitaja: niihamishe kwenye spika zenye tumbo, au niache sikio lifuate chombo kingine badala ya kinachoimba, au niianze wimbo wa nne. Bado ikigoma, naiacha bila kinyongo.

Enzi ya santuri jambo hili lilijifanya lenyewe. Ulikuwa umenunua, upande mmoja ni dakika ishirini na kidogo, na kuinuka kuruka wimbo ni kazi. Uvivu ulifanya kazi ya subira. Leo majukwaa ya muziki, Spotify likiwemo, huhesabu wimbo umesikilizwa baada ya sekunde 30, na kidole kiko palepale kwenye kitufe cha kuruka. Dakika ya sita ya On the Corner, ambapo zamani nilianza kushindwa, leo wengi hawataifikia hata wapate kuichukia.

CD nilirudishiwa, kwa masharti kwamba imo ndani ya nyumba na si mali yangu. Upande wa kwanza naujua sasa kama njia ya kwenda chooni usiku. Black Satin, yenye makofi na mluzi, naweza kuipiga mezani kwa vidole tangu mwanzo hadi mwisho. Kinachonishinda ni kipande cha mwisho, kile cha dakika zaidi ya ishirini na tatu. Besi iko pale, ardhi iko pale, nasimama juu yake natazama huku na kule, na ikifika kama dakika ya kumi na tano naanza kuangalia saa. Mdogo wangu anasema hapo ndipo inapoanza kunoga.